Togwa na mtindi wa Kihesa, Iringa: vinywaji bora chini ya tangazo lisilo sahihi

Togwa ya ulezi, yaani kinywaji cha uji wa nafaka uliochachushwa, inayouzwa katika duka moja dogo la Kihesa, upande wa barabara ya Dodoma unapotoka Iringa mjini, ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kunywa mkoani humo, na ningependa wasomaji walio karibu waijue. Ni nyepesi kiasi cha kunyweka bila kijiko, rangi yake ni kahawia iliyofifia, utamu wake unatokana na kimea chenyewe, yaani nafaka iliyooteshwa, wala si sukari ya dukani, na uchachu huja nyuma ya utamu, ukakaa ulimini bila kukwaruza koo. Duka hilo huuza pia mtindi wa maziwa ya ng'ombe, wa kawaida na wa ladha ya stroberi na vanila. Wateja wake wengi ni wanafunzi wa vyuo vya jirani, mafundi wa magari, na akina mama wanaopita na watoto mgongoni wakitoka kliniki. Juu ya meza ya kuuzia imebandikwa karatasi kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nzito kwamba vinywaji hivyo vina bakteria rafiki wanaotibu vidonda vya tumbo, kisukari, presha, msongo wa mawazo na sonona. Tathmini hii inahusu vinywaji na karatasi hiyo kwa pamoja, kwa kuwa mteja anayelipia kikombe anauziwa vyote viwili.

Nianze na togwa, kwa sababu ndiyo inayostahili maneno mengi zaidi. Mama mwenye duka hafichi namna anavyoitengeneza, na anayemuuliza kwa adabu hujibiwa kwa ukamilifu. Hupika uji wa unga wa mahindi na ulezi mpaka uive kabisa, huuacha upoe, kisha hutia unga wa kimea cha ulezi pamoja na kiasi kidogo cha togwa ya jana, hufunika sufuria kwa kitambaa safi na kuliacha lilale hadi asubuhi. Nilipomuuliza kwa nini hatii kimea uji ukiwa jikoni ili amalize kazi mapema, alinijibu: "Hapana, mwanangu, kimea unakitia pale kidole kinapovumilia. Ukikitia kwenye uji wa moto umekiua, na togwa haitakuja."

Maelezo hayo ni sahihi hata kwa kipimo cha maabara. Ulezi unapooteshwa, mbegu hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari nyepesi, na ndiyo maana uji mzito hugeuka kuwa kinywaji chepesi chenye utamu bila kuongezwa maji wala sukari. Vimeng'enya hivyo huharibika kwa joto kali, kwa hiyo uji wa moto ungebaki uji. Baada ya hapo huanza kazi ya vijidudu. Bakteria waliomo katika kimea na katika ile togwa ya jana hula sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki, asidi ileile inayoupa mtindi uchachu wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa togwa ya Tanzania na kuonyesha kwamba ndani yake wamo Lactobacillus plantarum, Lactobacillus fermentum, Pediococcus pentosaceus na Weissella confusa, pamoja na hamira za asili. Katika muda wa siku moja kipimo cha asidi, yaani pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, hushuka chini ya 4, hali ambayo bakteria wengi wa kuharisha hushindwa kuzaliana ndani yake, na wengine hufa.

Hapo ndipo faida iliyothibitishwa zaidi ya kinywaji hiki inapopatikana, na ni ajabu kwamba karatasi ya ukutani haikuitaja hata kwa neno moja. Katika miaka ya 1990 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walilinganisha watoto wadogo wa vijijini nchini waliopewa uji uliochachushwa na wale waliopewa uji wa kawaida, na wakakuta kuharisha kumepungua kwa wale wa kwanza. Mantiki yake mama yeyote wa Iringa anaielewa: uji wa kawaida uliopikwa asubuhi na kuachwa hadi jioni, wazazi wakiwa shambani, ni mahali pazuri pa vijidudu vya kuharisha kuongezeka, ilhali uji uliochacha hujilinda wenyewe. Tena, kwa kuwa kimea huufanya uji uwe mwepesi, mtoto mwenye tumbo dogo anaweza kupewa unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Kama mwenye duka angeniomba ushauri wa jambo moja la kuandika ukutani, ningemwambia aandike hilo.

Usafi wa duka unalingana na ubora wa kinywaji. Vikombe huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto, upawa hauachwi ndani ya ndoo, na anayetaka kubeba huletewa chupa mpya au hutakiwa aje na dumu lake lililooshwa. Chupa za maji zilizookotwa na kutumiwa tena, ambazo ni za kawaida mno katika biashara hii, humo hazimo. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu asidi ya togwa ina mipaka yake. Kinywaji kilichochacha vizuri kikimiminwa katika kikombe kilichosuuzwa kwa maji machafu, mteja hunywa maji hayo mara moja, kabla asidi haijapata muda wa kufanya kazi.

Mtindi wa kawaida nao ni mzuri, ingawa si wa kiwango cha togwa. Ni mzito, mweupe, hauna vipandevipande, na siku nyingi uchachu wake ni wa wastani. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Iringa inapokaza, hubadilika: siku moja unakuwa laini kupita kiasi, siku nyingine umejitenga na maji yake. Sababu inaeleweka, kwa kuwa bakteria wa mtindi wa aina ya kiwandani hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45 hivi, na duka hili halina chombo cha kutunza joto isipokuwa blanketi linalozungushiwa ndoo. Hiyo ni kasoro ya ladha tu.

Kuhusu usalama, ambao ndio wenye uzito, mwenye duka amefanya lililo sahihi: maziwa anayopokea kutoka kwa wafugaji wadogo huyachemsha kwanza, ndipo huyapoza na kuyatia mtindi wa mbegu. Kuna sehemu nyingine mjini ambako muuzaji aliniambia kwa fahari kwamba maziwa yake hayajawahi kuona moto, na kwamba huo ndio uasilia wenyewe. Niliondoka bila kunywa, nami nawashauri wasomaji wafanye vivyo hivyo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba Brucella na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuchacha kwa maziwa pekee si kinga ya kutegemewa dhidi ya vimelea hivyo. Ugonjwa wa brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu usioisha, na wagonjwa wengine hupatwa na huzuni nzito ambayo jamaa zao huielewa vibaya. Mtu anayetafuta utulivu wa akili katika maziwa yasiyochemshwa anaweza kupata kinyume chake.

Sasa niigeukie karatasi. Imani kwamba maziwa yaliyochacha hutibu karibu kila kitu si ya Kihesa peke yake. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Bulgaria, Stamen Grigorov, alimtambua bakteria wa mtindi wa kwao akiwa Geneva, na miaka michache baadaye Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, ambaye mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, alieneza wazo kwamba maziwa ya aina hiyo yanaweza kurefusha maisha. Wafanyabiashara wa Ulaya walilidaka wazo hilo wakauza kila waliloweza kuuza. Kwa hiyo mama wa Kihesa amerithi tangazo la zaidi ya miaka mia moja, nami simlaumu kwa kulirithi. Ninachoomba ni lipimwe mstari kwa mstari.

Mstari wa vidonda vya tumbo unapaswa kufutwa leo. Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba vidonda hivyo husababishwa na mawazo na vyakula vikali, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, kuanzia mwaka 1982, kwamba vingi vinatokana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, akaugua uvimbe wa utando wa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Tiba yake ni viuavijasumu pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa muda wa wiki moja hadi mbili, baada ya kipimo hospitalini. Togwa haiwezi kuchukua nafasi ya tiba hiyo, na kwa mwenye kidonda kibichi uchachu wake unaweza hata kumuumiza. Mistari ya kisukari na presha naipita upesi: anayetumia dawa za magonjwa hayo asiziache kwa sababu ya kinywaji, na mwenye kisukari akumbuke kwamba togwa imejaa sukari iliyotoka kwenye wanga, hata kama hakuna aliyeimimina.

Mistari miwili ya mwisho, ya msongo wa mawazo na sonona, ndiyo inayowavuta wanafunzi, hasa wakati wa mitihani, na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu ndani yake mna ukweli uliochanganywa na kisichojulikana bado. Ukweli ni kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana, na hesabu hiyo iliyotolewa mwaka 2016 inakaribiana na idadi ya seli za mwili wenyewe. Ukweli mwingine ni kwamba utumbo na ubongo huwasiliana bila kukoma, kupitia neva ya vagasi inayoteremka kutoka kichwani hadi tumboni, kupitia homoni, na kupitia kinga ya mwili. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa katika utumbo. Waandishi wa matangazo wanaipenda sana takwimu hiyo, lakini huacha kusema kwamba serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kinachoulinda ubongo, kwa hiyo mtu hawezi kuhesabu furaha yake kwa wingi wa kemikali iliyoko matumboni.

Majaribio yenyewe yanafundisha subira. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, waliwapa panya bakteria mmoja wa jamii ya Lactobacillus, na panya hao wakaonyesha woga mdogo zaidi kuliko wenzao; neva ya vagasi ilipokatwa, athari hiyo ikatoweka. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2017 bakteria yuleyule akajaribiwa kwa wanaume wenye afya, na hakuonekana kupunguza msongo kuliko vidonge visivyo na dawa. Habari ya pili haikusafiri hata robo ya safari ya ile ya kwanza, na nadhani ni haki msomaji wa Iringa azipate zote mbili kwa wakati mmoja. Kati ya hizo mbili, mwaka 2013, wanawake wenye afya huko Los Angeles walikunywa maziwa yaliyochachushwa mara mbili kwa siku kwa wiki nne, na picha za ubongo zikaonyesha mabadiliko katika sehemu zinazoshughulikia hisia. Hata hivyo, picha za ubongo kubadilika si sawa na mgonjwa kupona, na wanawake hao hawakuwa wagonjwa.

Jaribio lililonipa moyo zaidi ni la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2021, ambamo watu wazima 36 waligawanywa katika makundi mawili, moja likala vyakula vingi vilivyochachushwa na jingine vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, kwa wiki 10. Kundi la vyakula vilivyochachushwa liliongeza aina za bakteria wa tumboni, na protini 19 za damu zinazoashiria uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili kuwaka na si uvimbe wa saratani, zilipungua. Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliowahusisha wanaume 77. Waliozoea vyakula vya asili wakahamishiwa kwenye vyakula vya kisasa vilivyosindikwa kwa wiki mbili walionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, na waliohamia vyakula vya asili, au waliokunywa mbege kwa wiki moja, walionyesha mwelekeo wa kinyume. Mbege hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, kwa hiyo ni ndugu wa togwa kwa upande wa kimea, lakini ina kilevi, na matokeo yake hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye kikombe cha Kihesa. Wala wauzaji wa ulanzi, pombe ya mianzi, wasiyachukue kuwa ruhusa. Uvimbe wa ndani unaodumu umehusishwa na sonona kwa baadhi ya wagonjwa, na kwa njia hiyo inaeleweka kwa nini wanasayansi wanaendelea kuchunguza. Kutoka hapo hadi kuandika neno "inatibu" bado ni mbali sana.

Nimesimama kwenye meza ile na kumsikia binti mmoja akimwambia mwenye duka kwamba halali usingizi tangu muhula uanze, naye mama akamjazia kikombe, akamvutia kigoda, akamwambia, "Kaa kwanza, mwanangu, unywe taratibu, uniambie." Alimsikiliza kwa muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu. Naamini binti yule alipata nafuu fulani siku ile, na sijui niigawe vipi kati ya ulezi na kigoda. Lakini sonona ni ugonjwa, una tiba, na mtu aliyepoteza usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi anahitaji mganga wa hospitali au mshauri wa chuoni, mapema, huku togwa ikibaki kuwa chakula chake kizuri. Karatasi ikimfanya mwanafunzi mmoja tu achelewe kwenda hospitali, imeshamdhuru. Nilimweleza mama hayo. Alisema karatasi aliletewa na kijana aliyemuuzia chupa, na kwamba angeifikiria. Nilipopita tena ilikuwa bado ipo.

Wateja wengine huagizwa togwa na jamaa zao baada ya kumeza viuavijasumu, ili kurudisha bakteria wa tumbo. Jambo hili lina pande mbili. Zipo aina za bakteria zilizopimwa na kuonekana kupunguza kuharisha kunakoletwa na dawa hizo, lakini watafiti wa Israel walionyesha mwaka 2018 kwamba vidonge vya bakteria vilichelewesha bakteria wa asili wa mtu kurejea katika hali yao. Anayekunywa togwa wakati huo kama chakula simzuii. Lililo kubwa zaidi ni kwamba viuavijasumu visinunuliwe kiholela kwa sababu ya mafua, ambayo husababishwa na virusi visivyodhurika kwa dawa hizo. Kinywaji chochote cha dukani hakiwezi kufidia uharibifu wa tabia hiyo.

Kasoro zilizobaki ni za kurekebishika. Chupa hazina tarehe ya kutengenezwa, na togwa ni kinywaji kinachoendelea kubadilika: siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ni chachu, na ikiachwa zaidi mahali penye joto hamira zake huanza kutengeneza kilevi, jambo ambalo mzazi anayemnunulia mtoto anapaswa kulijua. Kipande cha karatasi chenye tarehe kingetosha. Mtindi wa stroberi na wa vanila una sukari nyingi mno, na rangi yake inatoka kwenye chupa ya duka la jumla. Sioni sababu ya mtu kuulipia zaidi ya ule mweupe. Aidha, mwenye duka awaulize wateja wake wanaoumwa kabla ya kuwashauri, kwa kuwa Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, au anayetibiwa saratani, anapaswa kumwuliza daktari wake kwanza kabla ya kunywa chochote chenye vijidudu hai kilichotengenezwa bila vipimo vya kiwandani.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza aende kabla ya saa sita mchana, kwa sababu togwa ya ulezi huisha mapema na ile ya mahindi matupu inayobaki haina ladha ileile. Kikombe ni shilingi mia tano, bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Asiombe ipashwe moto hadi ichemke, kama wengi wanavyofanya asubuhi za baridi, kwa kuwa bakteria anaowalipia watakufa kwenye sufuria. Ikipashwa kiasi cha kuondoa ubaridi tu inatosha. Anayenunua mtindi achague mweupe, aangalie kama maji hayajajitenga juu, na aufikishe nyumbani siku hiyohiyo.